Begi la ngozi la kazini, bajeti laki moja na nusu: lipi kati ya haya matatu?

karani_kimara

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wanaoijua ngozi kwa kuishika.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya mawakili mjini, Dar es Salaam. Kila siku ya kazi natoka Kimara na mwendokasi, nashuka Kisutu au Posta ya Zamani kutegemea kama siku hiyo naanzia mahakamani au ofisini. Begi langu ndiyo meza yangu. Juzi nilimwomba jirani mwenye bucha anipimie kabla hajafunga, likiwa na vitu vyote vya siku: laptopu na chaja yake, mafaili mawili mazito, shajara ya tarehe za kesi, mwavuli, chupa ya maji na chakula cha mchana. Kilo 6 na gramu 400.

Ndani ya miaka minne nimemaliza mabegi matatu ya dukani, kila moja shilingi 35,000. Yote meusi, yote niliambiwa ni ngozi, na yote yameharibika kwa namna moja. Zinaanza pembe kupauka, kisha uso unabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta uliopata unyevu, mwishoni mkono unang'oka. La mwisho liling'oka mkono mwezi uliopita nikiwa nje ya chumba cha mahakama, ikabidi nilikumbatie. Nilipolitua, shati jeupe lilikuwa limejaa magamba meusi kifua kizima, na wakili ananisubiri niingie na mafaili. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anasubiri shauri lake akasimama, akachukua upindo wa kanga yake akaanza kunipangusa. Yalizidi kusambaa. Sitaki kurudi pale tena.

Sasa nimepata zamu yangu ya mchezo, na nimetenga laki moja na nusu. Haiongezeki. Nimeona mabegi matatu:

La kwanza liko duka moja Kariakoo, jipya, 95,000. Limegongwa muhuri wa dhahabu "Genuine Leather". Jeusi, linang'aa, mshono umenyooka, na ukifungua zipu harufu ya ngozi inakupiga usoni.

La pili ni mtumba, Karume pale Ilala, 60,000. La kahawia, zito, lina bizimu mbili za njano mbele. Muuzaji anasema la Italia. Kwenye mkunjo wa kifuniko limekauka kidogo.

La tatu halipo bado. Kuna fundi ana kibanda Msimbazi, anataka 150,000, nusu kianzio, siku kumi. Alinitandikia ngozi atakayoitumia, na kusema kweli nilisita: ina mikwaruzo, vinyweleo havilingani, na kuna mstari mrefu kama kovu unakatiza katikati. Nikajiuliza, nitoe hela yote hii kwa ngozi yenye kasoro?

Nataka begi la miaka kumi. Nisaidieni kuangalia, maana mimi naona rangi tu.

sindano_mbili

Karani, salaam kutoka Mwanza. Nashona mabegi na mikanda mwaka wa kumi na moja huu, na kabla ya hapo nilisomea ngozi hapa hapa, kampasi ya DIT, ile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Naanza na hilo kovu kwa sababu ndilo linalofanya wateja wengi wakimbie kitu kizuri.

Ng'ombe wetu hakulelewa zizini. Amepita kwenye miiba, ameumwa na kupe, amepigwa chapa ya moto. Vyote hivyo vinabaki kwenye ngozi yake. Kiwanda kikitaka kuvificha, kinausugua uso wa ngozi kwa msasa, kinapaka rangi nzito, halafu kinaigandamiza kwa bati lenye chapa ya vinyweleo ili ngozi nzima ifanane. Tatizo ni kwamba uso ule uliosuguliwa ndipo nyuzi za ngozi zimebana kuliko mahali pengine popote. Wamesugua kinga yake. Kwa hiyo ukiona vinyweleo vimejipanga kama vigae, hiyo ni kazi ya bati. Vikiwa vimesongamana hapa na kuachana pale, na kovu la mwiba juu yake, hiyo ni ngozi ya ng'ombe yenye uso wake. Mwambie fundi kovu alipeleke upande wa nyuma wa begi, lisiangukie kwenye mkunjo.

Kasoro ya kuiogopa iko upande wa pili. Igeuze ile ngozi, pitisha kidole gumba polepole upande wa nyama. Machinjioni kwetu wengi bado wanachuna kwa kisu chenye ncha, na kikiteleza kinaacha mkato ambao mbele hauonekani kabisa. Ngozi ya milimita 2 pale imebaki milimita 1. Ukiwekwa chini ya mkono wa begi, patachanika hapo hapo.

Lile la Kariakoo: muhuri ule hausemi daraja. Unasema kuna ngozi, hausemi ni tabaka lipi wala iko sehemu gani ya begi. Ngozi nene hupasuliwa kwa mashine ikatoka mbili. Uso unaenda kwa wenye bei, tabaka la chini linapakwa plastiki na kuuzwa kwa jina lile lile. Kuna na masalia yanayosagwa yakachanganywa na gundi. Ulaya wana kiwango kinachosema tabaka la kupaka likizidi milimita 0.15 bidhaa isiitwe ngozi peke yake. Wewe dukani una macho na vidole. Tafuta mahali palipokatwa: ncha ya mkanda, tundu la bizimu, ukingo wa mfuko wa ndani. Ngozi ina nyuzi zilizosokotana bila mpangilio, kama minofu iliyochambuka. Feki ina kitambaa kilichofumwa chini na gamba juu. Na harufu usiitegemee, inapulizwa hata kwenye plastiki.

Yale magamba yaliyokuchafua shati ni poliyurethani. Unyevu wa hewa unaivunja hata begi likiwa limetundikwa tu kabatini. Kwa joto la Dar na jasho la mkononi, miaka michache inaisha. Hukulitunza vibaya, ndivyo lilivyo.

Mtumba si mbaya, mimi mwenyewe nimekarabati mabegi ya mtumba yaliyonizidi umri. Ila chukua kitambaa cheupe, sugua pale kwenye mkunjo ulipokauka. Kikitoka na vumbi jekundu, liache. Ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti ikizeeka vibaya inaoza kuwa unga, na hakuna mafuta ya kuirudisha.

Sasa kilo zako 6.4. Hizo hazibebwi na begi zima, zinabebwa na sehemu nne: miguu miwili ya mkono na pete mbili za mkanda. Hapo ndipo pa kutazama kuliko rangi. Mashine inashona kwa nyuzi mbili zinazonasana katikati, uzi ukikatika mshono unaweza kufumuka mbele na nyuma. Kwa mkono tunatumia uzi mmoja wenye nta na sindano mbili, kila tundu linapita sindano zote mbili, ukikatika mmoja jirani zake wanashikilia. Mwili wa begi ashone kwa mashine, haina neno. Ila hizo sehemu nne mwambie apige msharasi na ashone kwa mkono, na ndani aweke kipande kingine cha ngozi cha kuzuia. Matundu yasisongamane, yakiwa karibu sana ngozi inachanika kama stempu.

Zipu kubwa iwe namba 8, siyo 5. Beba na sumaku: pete ikinaswa ni chuma kilichopakwa rangi, itatoa kutu. Isiponaswa inaweza kuwa shaba au aloi ya zinki, hapo pima kwa uzito mkononi.

mhasibu_254

Karani, mimi niko Nairobi, na mkoba wangu nilinunua Kariokor, kwa mafundi wenyewe. Shilingi 6,500 za Kenya, mwaka wa tano huu. Ngozi haina shida hata kidogo. Shida ilikuwa mkono, ulikuwa umeshikwa na ribiti pekee bila mshono, na ndani hakukuwa na kitu cha kuzishikilia. Mwezi wa nane ribiti moja ikapenya ngozi na kutoka nayo. Nilirudisha, fundi akaongeza kiraka cha ndani na kushona, haujawahi kunisumbua tena. Kwa hivyo huyo wa Mwanza anakuambia ukweli.

Niongeze moja ambalo watu hawaulizi: begi tupu lina uzito gani? Langu ni ngozi nene ya karibu milimita 3, tupu tu ni kilo 2.3. Nikiweka laptopu na vitabu vya hesabu, jioni bega la kulia linauma. Kama unasimama kwenye basi kutoka Kimara, usikubali zaidi ya milimita 2 kwa mwili wa begi. Unene uachie mkono na mkanda.

pwani_tu

Kwa hela hiyo chukua begi la turubai la mgongoni, mabega yote mawili yanabeba, mvua haidhuru. Ngozi ni sifa tu.

karani_kimara

@pwani_tu asante ndugu yangu, nimelifikiria. Ila mafaili ya mahakama yakilala wima kwenye begi la mgongoni pembe zinajikunja, na karani wa masijala anayarudisha. Nahitaji kitu kinachosimama chenyewe na kufunguka juu.

mama_kisauni

Mwanangu karani, nakwandikia kutoka Mombasa. Miaka mingi nimefanya kazi kampuni ya kuondosha mizigo bandarini Kilindini, na mkoba wangu wa ngozi ni wa tangu nikiwa msichana wa masjala. Mafundi washakwambia ya kununua, mie nakwambia ya kuweka, maana pwani adui wa ngozi ni kuvu.

Usilitie kwenye mfuko wa plastiki hata siku moja. Ngozi yataka kupumua. Shona mfuko wa kitambaa cha pamba, hata shuka kuukuu yafaa. Likirudi limeloa, lifute, lijaze magazeti, liweke kivulini pepo zipite. Juani litakauka liwe kama papa. Ukiona vumbi jeupe lenye harufu ya chumba kilichofungwa, hiyo ni kuvu: lipanguse nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo iliyochanganywa na maji, kisha kivulini tena.

Na mafuta ya nazi usipake. Najua kila nyumba yapo na kila mtu atakwambia. Yanalainisha siku mbili tatu, halafu yanabaki ndani, na yaweza kunuka na kukaribisha kuvu. Tumia nta ya nyuki, kidogo sana kwenye kitambaa, mara mbili au tatu kwa mwaka. Ikibaki inanata, umezidisha.

karani_kimara

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilizunguka kote kutwa nzima, mfukoni nina leso nyeupe na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio.

Kariakoo kwanza. Nilitazama ncha ya mkanda wa begini kama nilivyoelekezwa, nikaona nyuzi zimesokotana, nikafurahi. Halafu nikakumbuka neno la sindano_mbili, kwamba muhuri hausemi ngozi iko sehemu gani. Nikafungua mfuko wa ndani, nikapindua ukingo pale bitana ilipoachia kidogo. Kitambaa cheupe kilichofumwa, juu yake gamba jembamba jeusi. Yaani mkanda ni ngozi, begi siyo. Na muhuri ule wa dhahabu, nilipoutazama vizuri, umegongwa kwenye kipande kilichoshonewa kwenye mkanda! Mara zote tatu nilizonunua nyuma huenda ilikuwa hivyo hivyo. Pete zote nne zikanasa sumaku.

Karume, leso ilitoka nyekundu kama nimefuta matofali. Nilimwonyesha muuzaji, akanishusha hadi 40,000. Nilimshukuru, nikaondoka.

Msimbazi nilikaa karibu saa mbili. Nilimwomba fundi tuigeuze ngozi, akaniangalia kidogo, akaigeuza bila neno. Nikapitisha kidole gumba. Robo ya mwisho upande wa tumbo, kidole kikazama: mkato wa kama sentimita nne. Nilidhani atakasirika. Akachukua chaki, akauzungushia duara, akasema, "Hapo sikati kitu, na tumboni huwa natoa vipande vidogo tu, panavutika. Begi lako linatoka mgongoni." Akanionyesha kwa kunivutia vipande viwili mbele yangu, cha tumbo kikarefuka kama mpira wa nguo, cha mgongo kikagoma.

Akanipa kipande cha upana wa vidole viwili nikafanye ninavyotaka. Nimekikata kwa wembe: kahawia mpaka katikati, hakuna ubuluu wowote. Nimechoma uzi mmoja, harufu ya nywele zilizoungua. Nimekilaza kwenye kikombe cha maji usiku kucha na kukikausha dirishani kivulini. Kimekuwa cheusi kidogo na kigumu kuliko mwanzo, lakini nimekikunja mara nyingi na uso haujaachia hata punje.

Kuhusu bei tulikwama. Mshono wa mkono sehemu nne, zipu namba 8 na pete za shaba vilikuwa vinaifikisha 170,000. Kwa hiyo nimetoa mfuko wa mbele na bizimu zake. Ulikuwa wa kupendeza tu, kalamu nitaweka ndani. Vipimo: ndani sentimita 40 kwa 30, chini upana 11, mwili milimita 1.8, mkono ngozi mbili zimegandamana. Bitana ya kitambaa cha khaki ili niweze kuiona ndani na kuifua. Nimelipa 75,000.

Swali moja limebaki: hiyo kahawia mpaka ndani ni dalili nzuri au?

sindano_mbili

Ni ya maganda ya miti, siyo ya kromu, ile kemikali inayotumika badala ya maganda. Yenye kromu ukikata mara nyingi katikati unaona kijivu chenye ubuluu. Zote mbili ni ngozi halali, na ya kromu inavumilia maji zaidi na ni laini. Ya maganda inachukua wiki nyingi kutengeneza badala ya siku chache, inasimama yenyewe bila kuwekewa kadibodi, na inakolea rangi kadiri unavyoishika. Kwa begi la mafaili ungeniuliza mimi ningechagua hiyo. Maganda yenyewe kwa kawaida ni ya miti ya miwati, ile ile iliyopandwa Njombe na Kampuni ya Tanganyika Wattle kuanzia 1949.

Miezi ya mwanzo matone ya mvua yataacha madoa. Usisugue doa peke yake. Lowesha kitambaa kidogo, pitisha upande mzima ulowane sawa, acha ukauke.

Na huyo fundi aliyechora duara mwenyewe, hifadhi namba yake.

karani_kimara

Nimeona ni haki kurudisha mrejesho, kwa sababu mlinipa muda wenu. Leo ni miezi saba na masika yamepita juu yake.

Lilichukua siku kumi na nne badala ya kumi. Tupu lina kilo 1 na gramu 600, bucha yule yule. Kovu liko nyuma, linalala kwenye paja langu nikikaa. Mkono umekuwa mweusi na laini pale vidole vinaposhika, kwingine bado ni rangi ya chai ya rangi. Mwezi wa nne nilinyeshewa kutoka kituoni hadi mahakamani, mafaili yalibaki makavu, begi lilipata madoa upande mmoja, nikafanya ile ya kulowesha upande mzima na yamefifia sana. Nta ya nyuki nimepaka mara moja. Mama Kisauni, mfuko wa shuka nimeshona.

Wiki iliyopita niliona uzi umekatika kwenye mguu wa kushoto wa mkono, tundu moja. Matundu ya pande zote mbili yalikuwa yamekaza vile vile. Jumamosi nikapita Msimbazi, fundi akaketi na sindano zake mbili, akarudia matundu matano huku ananiuliza habari za kazi. Dakika kumi. Nilipotoa hela akakataa, akaniomba nimwelekeze tu jirani yangu wa bucha, ana mkanda wake wa visu umechoka.